Wadudu Wanaouma Ukiwa Kambini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wale wanaofunga hema kwenye gari na kwenda kulala Mikumi, Saadani, Tarangire, Ruaha au Serengeti, wakiwa na familia au kikundi cha marafiki, bila kampuni ya utalii ya kuwapangia kila kitu. Msomaji wa Kenya au Uganda atakuta mengi yanamhusu naye, maana wadudu ni walewale.

Jambo moja ningependa likae kichwani kabla ya yote: kila mdudu ana saa zake na makazi yake. Anayejua nani anauma wapi na saa ngapi hulala vizuri kwa dawa kidogo. Asiyejua hujipaka losheni tangu asubuhi, na bado anaumwa.

Kati ya wadudu wote hawa, nimwogope yupi zaidi?

Mbu anayeuma usiku. Mbung'o ndiye anayesemwa sana kwa sababu anauma kwa maumivu na mchana kweupe, lakini Anopheles, yule anayeeneza malaria, huja kimya giza likishaingia, na huuma zaidi usiku wa manane mpaka karibu na alfajiri. Hupenda kuruka chini chini, ndiyo maana watu wakikaa kuota moto huumwa kwanza kwenye vifundo vya miguu. Saa ya hatari inaanza pale ambapo kila mtu anaona starehe ndiyo inaanza: jua limezama, nyama iko motoni, watu wako kwenye kaptula na ndala. Kabla jua halijazama, suruali ndefu, soksi na shati la mikono mirefu viwe vimeshavaliwa. Ukifuata hilo moja tu, umeshafanya kazi kubwa.

Kuna mbu mwingine, Aedes, mwenye madoa meupe miguuni. Huyu huuma mchana na ni mdudu wa mijini zaidi kuliko porini, anazaliana kwenye maji ya ndoo, makopo na matairi ya zamani. Ndiye aliyeeneza dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Kama safari yako inaanzia au kuishia mjini, usimsahau.

Mbung'o nitakutana nao wapi, na saa ngapi?

Kwenye miti na vichaka. Tarangire wapo, korido ya magharibi ya Serengeti wapo, Ruaha, Katavi, Nyerere, Mikumi na Saadani vilevile. Ila si kila kona ya hifadhi. Unaweza kupita mbuga tupu za nyasi fupi bila kumwona hata mmoja, halafu barabara ikaingia kwenye miti na gari likajaa kwa dakika chache.

Sababu iko kwenye namna wanavyozaana. Jike la mbung'o halitagi mayai kwa mamia kama nzi wengine. Hubeba buu mmoja tumboni mpaka akue, kisha humdondosha kwenye udongo laini wenye kivuli, na hurudia hivyo kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Pasipo na kivuli hakuna pa kuzalia. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua mahali pa kusimika hema, uwanda wa wazi wenye upepo ni bora kuliko chini ya miti iliyoshikana, hata kama kivuli kinatamanisha.

Saa zao ni za mchana, jua likiwa limepamba moto. Asubuhi kukiwa na baridi wanazubaa, na usiku wanakuwa wametulia kwa sehemu kubwa. Vipande vya barabara vyenye mbung'o vipite mapema. Wanafuata kitu kikubwa kinachotembea, na gari lako kwao ni mnyama mkubwa tu, kwa hiyo vioo vipandishwe mpaka juu mkiwa porini. Mkisimama kupiga picha, subirini kidogo kabla ya kushusha kioo.

Kwa wanaoelekea Unguja: huko hawapo. Mbung'o wa kisiwani walimalizwa kwa kuachia kutoka angani madume waliofanywa tasa, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

Nitamtofautishaje mbung'o na nzi wa kawaida?

Mtazame akiwa ametua. Mabawa yake yanalala moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, wakati ya nzi wa nyumbani yanatanuka pembeni. Rangi yake ni ya kahawia na mdomo umenyooka mbele. Dume na jike wote wananyonya damu. Kofi halimtoshi: mwili wake ni mgumu na bapa, ataanguka, atajikusanya, ataruka tena. Mbane kwa kitambaa kwenye kioo cha gari, umsage mpaka asikike.

Je, ni kweli rangi ya nguo ina maana?

Kwa mbung'o, ni kweli kabisa. Bluu iliyokolea na nyeusi zinamvuta. Ukiona vitambaa vya bluu na vyeusi vimening'inizwa kwenye miti kandokando ya barabara za Tarangire au Serengeti, hiyo ni mitego yenye dawa ya kuua mbung'o. Msiiguse, na watoto wasiichezee. Sasa fikiria mtu aliyejifunga kaniki au kuvaa jinzi ya bluu na fulana nyeusi, anatembea katikati ya wadudu hao. Vaa kaki, rangi ya udongo, au kijani kilichopauka. Nyeupe haiwavuti kama bluu, lakini vumbi litakushinda.

Kitambaa kiwe kizito. Mbung'o anauma kupitia fulana nyepesi na kupitia suruali ya kubana bila shida yoyote.

Losheni ya mbu inamzuia mbung'o?

Kidogo sana. Hata zile nzuri zenye kemikali ya kufukuza wadudu iitwayo DEET, ambazo kwa mbu ni za kutegemewa, kwa mbung'o hazitoshi, na ni bora kulijua hilo kabla hujaingia porini mikono mitupu ukiamini chupa. Nguo, vioo na saa ndiyo kinga. Madereva wengine wa utalii hukusanya kinyesi kikavu cha tembo, wakakichoma ndani ya kopo na kulitundika nyuma ya gari. Moshi wake husaidia kiasi. Wewe usijaribu wakati wa kiangazi. Cheche moja kwenye nyasi kavu inaweza kuunguza sehemu kubwa ya hifadhi.

Nikiumwa na mbung'o nitapata malale, ule ugonjwa wa usingizi anaoueneza?

Uwezekano ni mdogo, kwa kuwa mbung'o walio wengi hawana vimelea. Lakini usipuuze. Mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waligundulika na malale baada ya kutembelea hifadhi za kaskazini mwa Tanzania. Aina ya malale iliyoko kwetu, tofauti na ile ya Afrika Magharibi na Kongo, haikawii: homa huanza ndani ya wiki 1 hadi 3. Mara nyingi pale alipouma panatokea uvimbe mwekundu unaouma, unaokua kwa siku kadhaa badala ya kupungua. Ukiona hivyo, nenda hospitali na useme waziwazi kwamba uliumwa na mbung'o na ulikuwa hifadhi gani. Ugonjwa unatibika ukiwahiwa, na siku hizi kuna vidonge vya fexinidazole mahali ambapo zamani palihitaji sindano kali. Habari njema zaidi ni kwamba ugonjwa umepungua mno. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii.

Hema langu lina wavu. Bado nahitaji chandarua?

Kama wavu ni mzima, zipu inafunga mpaka mwisho na sakafu imeshonwa pamoja na kuta, hema lenyewe ni chandarua. Tatizo huwa ni watu. Mtoto anatoka kujisaidia anaacha zipu wazi, mwingine anaingia na tochi inawaka na wadudu wanaifuata. Wekeni sheria ya familia: zima taa, fungua, ingia, funga, ndipo uwashe. Kisha kila jioni, kabla ya kulala, mmoja amulike kuta za ndani na pembe za juu. Mbu aliyeingia atakuwa ametua hapo.

Kama ni hema la zamani la turubai lisilo na sakafu, au mnalala nje kwenye vitanda vya kukunja, chandarua chenye dawa ni lazima, na kingo zake zichomekwe chini ya godoro. Msilale mkiwa mmegusa wavu. Mbu huuma kupitia humo.

Kubeba sindano na uzi, pamoja na kipande cha wavu cha kuzibia matundu, hakugharimu kitu.

Ninunue dawa ipi ya kupaka?

Soma lebo, usiangalie picha. Tafuta DEET ya asilimia 20 hadi 30, au icaridin ya asilimia 20. Mafuta ya mkaratusi wenye harufu ya limau, yaliyotengenezwa kuwa dawa ya mbu, nayo yanafanya kazi, ingawa hayapakwi watoto chini ya miaka 3. Kiasi cha DEET kikiwa kidogo, dawa bado inafukuza mbu, ila muda wake ni mfupi. Losheni ya asilimia 10 inakaa kama saa 2, basi saa ya kulala itakukuta huna kinga.

Kama unapaka mafuta ya kuzuia jua, yatangulie. Dawa ya mbu ije juu yake. DEET inayeyusha plastiki. Nimeona mikono ya mtu aliyetoka kujipaka ikiacha alama za vidole kwenye darubini, na alama hizo hazikufutika tena. Jipake, nawa viganja, ndipo ushike vifaa.

Kuna pia permethrin, ya kunyunyizia nguo, soksi na nje ya hema. Haipakwi mwilini kabisa. Nguo zikaushwe vizuri kabla ya kuvaliwa, na kinga hubaki hata baada ya kufuliwa mara kadhaa. Kwa kupe na siafu, hii ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine yoyote. Usiisuuzie mtoni, inaua samaki.

Na watoto wadogo?

Chini ya miezi 2, usimpake kitu. Mfunike kwa chandarua. Kwa wakubwa kidogo, mama au baba apake kwenye viganja vyake kwanza, kisha ampake mtoto, akiacha viganja, macho na mdomo. Mtoto hulamba vidole.

Mjamzito anayetaka kwenda kulala kwenye hema maeneo yenye malaria aongee na kliniki kwanza. Malaria kwa mama mjamzito ni jambo zito, na kwa moyo wangu wote ningemshauri achague kambi za nyanda za juu mpaka ajifungue.

Moshi wa moto, dawa ya mbu ya kuchoma, kitunguu swaumu, kivumbasi: vinasaidia?

Moshi unapunguza mbu kwa yule aliyekaa upande unakoelekea, ambaye naye analia machozi. Dawa ya mbu ya kuchoma inafaa barazani au chini ya meza kukiwa hakuna upepo. Usiiwashe ndani ya hema hata siku moja: nailoni inashika moto kwa sekunde, na moshi wake mkifungiwa nao ni sumu ya mapafu.

Kivumbasi ni dawa ya bibi zetu na si ya kudharau. Majani yakipondwa au kuchomwa hupunguza mbu waliopo karibu, ila harufu ikiisha na kazi imeisha. Kitunguu swaumu na vidonge vya vitamini B havijaonyesha faida.

Nimekulia Tanzania na nimeugua malaria mara nyingi. Nina haja ya vidonge vya kinga?

Mwili wa mtu mzima aliyekulia na kuendelea kuishi penye malaria nyingi huwa na kinga kiasi, ambayo humpunguzia makali. Kinga hiyo haikai bila kuchokozwa. Anayeishi Arusha mjini, Mbeya au Nairobi kwa miaka mingi, na zaidi yule aliyehamia London au Minneapolis, ajihesabu kama mgeni. Watoto wake waliozaliwa huko hawana kinga yoyote, na hao ndio wanaonipa wasiwasi kila Desemba familia zinaporudi likizo na kuunganisha safari ya mbugani. Wazazi wanasema "sisi tulikua hapa", na mtoto analala bila chandarua.

Kwa hao, doksisaiklini humezwa kila siku na kuendelea wiki 4 baada ya kutoka. Malarone huendelea siku 7 tu baada ya kutoka, lakini bei yake ni kubwa. Meflokwini ni mara moja kwa wiki na haiwafai wote. Daktari ndiye achague. Doksisaiklini hufanya ngozi iungue haraka juani na haipewi watoto wadogo. Mwenye seli mundu asisafiri bila kuzungumza na kliniki yake.

Kuna mahali naweza kupiga kambi bila mbu?

Panda juu. Kuanzia kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, baridi huwanyima mbu wa malaria nafasi. Kambi ya Simba, kwenye ukingo wa Ngorongoro, iko juu ya kiwango hicho. Kambi za Kilimanjaro, vivyo hivyo. Kitulo, yenye maua yake ya msimu wa mvua, iko juu zaidi ya mita 2,600. Huko mtapigana na baridi. Lakini kumbukeni kwamba kwenda Ngorongoro kwa kawaida mnapitia Mto wa Mbu, na mji huo haukuitwa hivyo bure.

Siafu wameingia kambini usiku. Tufanyeje?

Wapisheni. Siafu wakiwa safarini, hasa mvua zikianza, hawageuzwi kwa vishindo. Kwenye misitu ya Udzungwa na Usambara ni jambo la kawaida. Toeni watoto kwanza, viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na msikanyage mstari wao. Majivu ya moto yakimwagwa kwa wingi kuzunguka hema yanaweza kuwageuza kama bado hawajafika. Wakishaingia, hamisheni watu, wao watasafisha kila panya na mende kisha waende zao.

Siafu aliyeng'ata haachii. Akivutwa, kichwa hubaki kwenye ngozi. Mshike karibu na taya. Panauma, lakini hana ugonjwa.

Nimemkuta kupe amening'inia mguuni.

Usimpake mafuta ya taa wala usimchome kwa kiberiti. Akishtuka hutapika ndani ya kidonda. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja taratibu bila kuzungusha, kisha osha kwa sabuni.

Kupe hukaa kwenye ncha za nyasi ndefu, miguu ya mbele imenyooshwa, akingoja anayepita. Ukitembea kwa miguu nyanda za Ngorongoro au popote panapolishwa ng'ombe, chomeka suruali ndani ya soksi. Jioni kagua nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, na kwa watoto nyuma ya masikio. Wiki moja hivi baadaye, ukipata homa, kichwa kinauma, mitoki imevimba na pale alipong'ata pana kidonda kidogo chenye kovu jeusi katikati, hiyo ni homa ya kupe na inatibika haraka kwa doksisaiklini. Muonyeshe daktari kovu lenyewe, asije akaishia kukupima malaria tu.

Funza wa miguuni bado wapo?

Wapo, penye vumbi na mchanga mkavu unaolala mifugo. Kinga ni viatu vya kufunika. Si mdudu wa asili ya kwetu: alitoka Amerika, akashushwa na meli Angola mwaka 1872, na ndani ya miaka isiyozidi 30 alikuwa ameshavuka bara mpaka pwani yetu. Ukihisi muwasho kando ya ukucha na ukaona doa jeusi katikati ya kiduara cheupe, atolewe mapema kwa sindano iliyochemshwa, kabla hajavimba kufikia punje ya choroko. Hakikisha una chanjo ya pepopunda.

Kwa nini wenyeji husisitiza nguo zipigwe pasi, hata za ndani?

Kwa sababu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini. Mabuu huingia kwenye ngozi na kutoa majipu. Anika juani, juu ya kamba, na piga pasi pande zote, mikunjo ya kiunoni hasa. Kama hamna pasi, zikae wiki 2 hivi baada ya kukauka kabla ya kuvaliwa.

Usiku mmoja tutalala gesti. Nikague nini?

Inua shuka uangalie mishono ya godoro na nyufa za kitanda: madoa meusi madogo ni ya kunguni. Omba chumba kingine. Begi lisikae kitandani wala sakafuni. Kunguni hawaambukizi ugonjwa, ila watakufuata nyumbani. Kwenye nyumba za udongo za mikoa ya kati, mwenzake hatari ni papasi, anayetoka kwenye nyufa za sakafu usiku na kuleta homa inayopoa na kurudi tena. Lala kitandani, mbali na ukuta, ndani ya chandarua.

Kuna kijidudu chembamba, cheusi na rangi ya chungwa, wanasema kinaunguza.

Hakiumi. Sumu iko mwilini mwake na hutoka akisagwa kwenye ngozi, ndipo yanatokea malengelenge siku inayofuata. Mpulize aruke. Ukishamsaga, osha kwa sabuni papo hapo na usiguse macho. Hufuata taa, kwa hiyo taa iwekwe mbali na mlango wa hema.

Nyuki wamejaa kwenye bomba la maji la kambi.

Ni kiangazi na wana kiu. Wawekeeni beseni la maji mbali na mahema, wengi watahamia huko. Wakishambulia, funika uso, kimbilia ndani ya gari na ufunge vioo. Miiba ikwanguliwe haraka. Anayevimba mdomo au kukosa pumzi apelekwe hospitali bila kungoja.

Muwasho unaninyima usingizi.

Maji baridi, kisha kalamini au krimu ya haidrokotizoni, na kidonge cha cetirizine usiku. Kata kucha. Vidonda vingi vya kambini vinatokana na kujikuna.

Nimerudi nyumbani na nina homa. Ni malaria?

Pima siku hiyohiyo. Vimelea vya malaria huchukua angalau siku 7 kabla ya kuleta homa, kwa hiyo homa ya siku ya tatu kambini imetoka mahali pengine, labda kwa mbu wa nyumbani kwako. Inayokuja wiki ya pili, au hata mwezi wa pili baada ya kurudi, inaweza kuwa ya safari. Usinywe dawa mseto kwa kubahatisha. Kipimo kikisema hapana na homa ikaendelea, rudia kesho yake, na mpe daktari orodha: nililala wapi, nilitembea kwenye nyasi, niliumwa na mbung'o au kupe. Wakati unangoja majibu, tumia paracetamol. Aspirini na ibuprofeni ziache, maana kama ni dengue zinaweza kuongeza kuvuja damu.

Hema nalo?

Lifunguliwe lote juani siku mliyorudi, likung'utwe, mishono na mifuko ya ndani ikaguliwe kama kuna kupe, na lihifadhiwe likiwa kavu. Zipu iliyokwama ibadilishwe sasa hivi, kabla ya safari nyingine.